Vikapu Ishirini na Vinane

Jumamosi, tarehe 9 Novemba. Asubuhi kulikuwa na wingu zito na manyunyu membamba, yasiyoamua kama ni mvua au ni ukungu. Upepo haukuwepo.

Ndivyo Mwalimu wetu wa jioni alivyotuzoesha: tarehe kwanza, hali ya hewa pili, kisha ndipo mtu aseme lake. Asiyejua aanzie wapi, alisema, aanzie dirishani. Asubuhi ile nilisimama dirishani muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu la kusema nilikuwa nalo na sikutaka kulisema.

Mimi ni mpiga pasi. Nafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, chini kabisa ya jengo, mahali ambapo mgeni hafiki na jua halifiki. Mashuka huletwa yakiwa yamekunjamana na hupanda na lifti yakiwa yamenyooka. Miaka thelathini na mmoja nimenyoosha vitanda vya watu nisiowajua sura.

Mke wangu ndiye aliyekuwa akinisomea. Barua, maelezo ya dawa, tangazo lililobandikwa mlangoni, na kila usiku Zaburi moja kabla ya kuzima taa. Alipofariki, kitabu kilibaki mezani upande wake wa kitanda. Niliendelea kukifungua kila usiku na kukitazama, kama mtu anavyoitazama nyumba aliyowahi kuishi, naye amesimama nje ya geti. Niliomba kwa maneno yangu mwenyewe, machache, na Mungu huyasikia hata machache. Lakini chumba kilikuwa kimya mno. Mwaka wa pili baada ya msiba nikajiandikisha darasa la jioni, daraja la kwanza. Nilikuwa na miaka hamsini na minane.

Darasani tulikaa wanne meza moja ya nyuma. Kulikuwa na dereva wa lori la mchanga, ambaye tulimwita Breki kwa kuwa ulimi wake haukuwa nazo. Kulikuwa na Mama Maua, anayeuza maua mbele ya hospitali. Na kulikuwa na binti mmoja mlinzi wa benki, mtu wa maneno machache, ambaye kila mtu alimwita Afande. Mimi wakaniita Mzee Pasi. Kwa mwaka mzima, jioni za Jumatatu na Jumatano, watu hao watatu ndio walioniuliza nimeshindaje. Siku nyingine zote hakuna aliyeuliza.

Alhamisi ya wiki ile tuligawiwa bahasha za matokeo, kila mtu yake. Sikuifungua mbele yao. Niliifungua kesho yake kazini, juu ya meza ya pasi, baada ya zamu. Barua ilikuwa na mistari minne na ilinichukua robo saa. Ilisema sijafikia kiwango, nashauriwa kurudia daraja la kwanza, na nafasi yangu itashikiliwa hadi Jumatatu saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo atapewa mwingine. Ilikuwa barua ya kwanza maishani mwangu kuisoma mwenyewe bila msaada wa mtu, nayo ilikuwa inaniambia kwamba sijui kusoma.

Jioni hiyo Breki akapiga simu. Nyuma yake nilisikia injini ya lori.

"Mzee wangu! Mimi daraja la pili! Mama Maua daraja la pili! Afande naye daraja la pili, ingawa ukimwangalia usoni utadhani kafiwa. Wewe je?"

"Tumepita," nikasema.

"Nilijua! Kesho tunakula, halafu tunaenda sinema. Usivae ile sweta."

Nilipokata simu nilipiga magoti pale pale. Niliomba nisamehewe uongo ule, na kwa pumzi hiyo hiyo nikaomba usigundulike. Nadhani malaika walitazamana.

Nilikuwa nimeshaamua. Wao watatu wangeanza daraja la pili, na daraja la pili husoma Jumanne na Alhamisi. Mimi ningerudi meza ile ile na watu wapya, vijana labda, nikiwa mzee aliyeachwa nyuma. Sikuiona sababu. Nilijiambia nitakula nao mara moja, nitaangalia filamu nao mara moja, nitawaaga moyoni bila wao kujua, na Jumatatu nitaiacha ipite. Halafu nitarudi kwenye mashuka yangu. Nilivaa shati nililolipiga pasi mara mbili, nikatoka kwenye manyunyu.

Mgahawa aliuchagua Mama Maua. Kuna bibi harusi aliyemtengenezea maua akamwambia kwamba Wachina wana chakula cha mchana kinachoitwa dimsamu: vitu vidogo vidogo vya mvuke, kila aina kwenye kikapu chake cha mianzi, watu wanakaa wanachomoa kimoja kimoja na kunywa chai mpaka mazungumzo yaishe. "Nikasema hicho ndicho chakula chetu," alituambia mlangoni, akikung'uta mwavuli. "Maana Breki mazungumzo yake hayaishi."

Ghorofa ya kwanza, ukumbi mpana, meza za duara, na katikati ya kila meza sahani kubwa ya kioo inayozunguka. Familia zilijaa. Mvuke ulikuwa unatoka jikoni kila mlango ulipofunguliwa, na kwa mara ya kwanza niliona mvuke ambao watu wanaufurahia. Kazini kwangu hakuna anayeufurahia.

Mhudumu akatuletea birika la chai, vikombe visivyo na mkono, na karatasi ndefu yenye majina ya vyakula. Kando ya kila jina palikuwa na kisanduku kitupu.

"Mnajaza wenyewe," akasema, akaweka kalamu juu yake, akaenda.

Karatasi ile ikabaki katikati ya meza kama mtihani.

"Ajaze Mzee Pasi," Breki akasema. "Ndiye mkubwa. Mhitimu!"

"Wewe si una daraja la pili?"

"Na wewe unalo pia! Acha kujishusha. Shika kalamu, mzee."

Nikashika. Mama Maua akawa ananiambia anachotaka kwa kuangalia meza za jirani, nami nikawa natafuta jina lake polepole, kwa kidole. Mikate myeupe ya mvuke yenye nyama ndani. Vifurushi vya kamba. Mipira ya samaki. Wali uliofungwa kwenye jani. Vitu saba kwa jumla. Kila nilipokipata kimoja nilifanya kile ambacho kwa mwaka mzima tulifanya katika daftari la mazoezi tulipoona visanduku: niliandika namba, kwa mpangilio. Cha kwanza moja, cha pili mbili, mpaka cha saba, saba. Mwandiko wangu haukutetemeka sana. Nikampa Afande aukague. Akapitisha macho juu hadi chini kama anakagua kitambulisho.

"Safi," akasema.

Breki naye akaangalia, Mama Maua akichungulia begani kwake. "Safi kabisa. Mwalimu angekupa vema."

Mhudumu akaisoma, akatutazama sisi wanne, akaisoma tena. "Mna wageni wanakuja?"

"Tupo wenyewe tu," Mama Maua akajibu kwa fahari.

Kwanza kilikuja kikapu kimoja. Kisha viwili. Breki akachukua kifurushi cha kamba kwa vijiti, kikamponyoka, kikatua kwenye chai ya Afande. "Mwacheni, bado anaoga," akasema. Tukacheka. Kisha vikaja vitatu, vya aina moja. Kisha vinne. Meza ikajaa, vikapu vikaanza kupandana kama ghorofa, na watu wa meza ya jirani wakaacha kula ili watutazame. Mhudumu alipotokea na vikapu saba vya miguu ya kuku, amevibeba hadi kidevuni, Mama Maua alisimama.

"Saba? Jamani! Hawa kuku wote sasa wanatembelea nini, magoti?"

Mhudumu akatoa karatasi. Kwa adabu akaeleza kwamba kwenye kisanduku mtu huandika anataka vikapu vingapi. Wote wanne tuliinama juu ya karatasi ile, vichwa vikakaribiana, na nikaona namna kila mmoja wao alivyoelewa, mmoja baada ya mwingine.

"Zoezi la pili," Afande akasema taratibu. "Panga kwa mpangilio."

Breki alicheka mpaka akaweka paji la uso mezani. Mama Maua alilia machozi, akajifuta kwa leso ya mezani. Hata Afande alicheka, bila sauti, mabega tu. "Na sisi tumekagua!" Mama Maua alikuwa anasema. "Watu watatu tumekagua! Vikapu ishirini na vinane, na mkaguzi kasema safi!" Kwao kilikuwa kichekesho cha watu waliokwisha kuvuka mto, wanaangalia nyuma na kuona walivyokuwa wakiogopa maji. Nilicheka pia. Nilijikaza kisabuni. Lakini ndani nilikuwa nasikia mistari ile minne ya barua, na mvuke wa vikapu ukanipa kisingizio cha kufuta macho.

Msimamizi alikuwa mama mwelewa. Alirudisha jikoni vile vilivyokuwa havijafunguliwa, vilivyobaki tukafungiwa vya nyumbani. Kabla hatujaondoka Breki aliinua kikombe cha chai.

"Kwa Mzee Pasi! Kaanza akiwa hajui kushika kalamu, leo kapita pamoja na sisi. Mungu akuweke, mzee wetu."

Wakanywa. Mama Maua akanishika mkono juu ya meza. "Mkeo angekuwepo leo," akasema, kwa sauti ya mimi tu kusikia.

Chai ile niliimeza kama dawa. Sijawahi kukaa na watu wengi wanaonipenda kiasi hicho nikiwa peke yangu kiasi hicho.

Sinema ilikuwa jengo la pili yake, na filamu ilianza saa nane mchana. Ilikuwa filamu ya maajabu, ya kigeni, na maneno ya Kiswahili yaliandikwa chini ya picha. Hilo sikulijua hadi taa zilipozimwa. Nilikaa katikati, Afande kulia kwangu, Mama Maua kushoto, Breki pembeni na ndoo ya bisi.

Picha zilikuwa nzuri mno, sitasema uongo mwingine. Palikuwa na nchi iliyojengwa juu ya mgongo wa mnyama aliyelala, na watu wake walitembea kwa kunyata wasimwamshe. Palikuwa na ndege waliobeba taa midomoni. Palikuwa na msichana aliyesafiri peke yake katika nchi hiyo, na mzee mwenye joho la majivu aliyemfuata kila alikokwenda, akimwangazia njia. Lakini maneno! Yalikuja na kuondoka kama wageni wa hotelini. Nilikuwa naanza neno la kwanza, nalipata, nashika la pili, mstari unafutika, unakuja mwingine. Watu walicheka na mimi bado niko kwenye neno la pili. Watu walishtuka, na mimi sijui kwa nini. Kushoto kwangu Mama Maua alikuwa anasoma kwa midomo, bila sauti, na alikuwa anawahi. Miezi sita nyuma hakuwa akiwahi. Nilimtazama usoni, mwanga wa filamu ukimpita, nikafurahi kwa ajili yake kweli kabisa, na papo hapo nikahisi kama mtu aliyesimama kituoni akiwapungia mkono walioondoka.

Nikaacha kusoma. Nikafumba macho nikaomba. Sikuomba kujua kusoma. Nilikwisha kuliomba hilo mara nyingi. Niliomba nisiwe mwongo mbele ya watu walioniombea uhai kwa kikombe cha chai. Nikafumbua macho, nikaangalia picha tu, nikajitungia hadithi yangu.

Tulipotoka ilikuwa saa kumi na nusu. Ukumbi wa mbele ulikuwa na mwanga mwingi, na mama mmoja mwenye ufagio mrefu alikuwa anafagia bisi zilizomwagika. Wenzangu walikuwa wakiongea wote kwa pamoja. Breki alitaka kujua mnyama aliishije bila kula. Mama Maua alikuwa bado ana kwikwi ya kilio.

"Mzee, wewe sehemu gani imekugusa?" akaniuliza.

"Yule baba," nikasema. "Namna alivyomfuata binti yake na taa njia nzima, asimwache peke yake. Hiyo imenigusa sana."

Wakanitazama.

"Baba yupi?" Breki akauliza.

"Yule mzee. Wa joho la majivu."

"Baba? Mzee wangu, yule ndiye mwizi! Ndiye aliyemwibia msichana jina lake! Alikuwa anamwangazia ili ampoteze. Imeandikwa mwanzoni kabisa, na katikati ikaandikwa tena!" Kisha akapiga makofi akacheka. "Aaah! Umelala! Semeni ukweli, Mzee Pasi kalala. Miguu ya kuku imemlaza."

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Ningesema ndiyo, nimelala, uzee huu, na wangenicheka kwa upendo, tungeagana kwenye manyunyu, na Jumatatu ingepita. Neno moja tu. Lilikuwa tayari mdomoni.

"Sikulala," nikasema. "Nilikuwa macho tangu mwanzo hadi mwisho. Nilishindwa kusoma."

"Maneno yalikuwa yanakwenda mbio," Mama Maua akasema haraka. "Hata mimi..."

"Wewe ulikuwa unawahi, mama. Nilikuangalia." Nikawatazama wote watatu. "Sikupita. Barua imesema nirudie daraja la kwanza. Breki aliponipigia simu nilimdanganya, na leo mchana niliwaacha mnishangilie."

Breki akafunga mdomo. Sikuwahi kumwona ameufunga. Aliangalia ndoo ya bisi iliyobaki mkononi kama haijui imetoka wapi.

Mama Maua ndiye aliyekasirika. "Yaani mimi nimekushika mkono! Nimekutajia marehemu, unaniangalia tu! Sisi ni nani kwako, Mzee Pasi? Wapita njia?"

"Ninyi ndio watu nilio nao," nikasema. "Ndiyo maana niliogopa."

"Njia ya mwongo fupi, hilo hukulijua mpaka umri huu?"

"Nalijua. Leo nimeipima kwa miguu."

Afande alikuwa amesimama na mikono nyuma, kama yuko kazini. "Nafasi yako inashikiliwa mpaka lini?" akauliza.

"Jumatatu, saa kumi na mbili jioni."

"Ulikuwa uende?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa kuliko mengine yote. "Hapana," nikasema. "Nilikuja kuwaaga. Ninyi mtasoma siku nyingine na watu wengine. Sikuweza kujiona pale nyuma peke yangu."

Nilitegemea waseme watakuja kunitembelea, watanifundisha Jumapili, watu husema mambo kama hayo. Hawakusema. Breki ana lori na Mama Maua ana wajukuu, na Afande hubadilishiwa zamu kila wiki. Tulijua wote kwamba meza ile ilikuwa imekwisha. Nashukuru hawakusema.

"Utakuwa peke yako," Afande akasema. "Mimi nilipoanza kazi ya lindo niliwekwa mlango wa nyuma mwaka mzima, sina wa kuongea naye. Ni vibaya. Lakini mtu anaweza."

Mama Maua alikuwa ameupata tena ulimi wake. "Mzee, mimi siamini tena unachosema kwenye simu. Kama unaenda, sema hapa. Kwa sauti. Tukusikie." Akageuka. "Dada! Wewe mwenye ufagio! Samahani, hebu njoo usikie jambo."

Mama wa ufagio akasogea, akaegemea mpini. "Kuna nini?"

"Huyu mzee anataka kuahidi kitu. Sisi ni rafiki zake, tunaweza kumwonea huruma. Wewe humjui."

"Haya," mama akasema. "Aahidi basi, nina ukumbi wa kufagia."

Watu walikuwa wanatupita wakielekea mlangoni. Nilivua kofia, kama ninavyovua ninaposali, na kwa kweli sikuwa na uhakika ni kwa nani hasa nilikuwa nasema.

"Jumatatu saa kumi na mbili jioni nitakuwa darasani, daraja la kwanza, hata kama humo ndani sitamjua mtu hata mmoja," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Na nikianguka tena, sitajificha. Nitawaambia ninyi watatu siku hiyo hiyo. Mungu ananisikia, na ninyi mmesikia."